Jumapili kanisani, Jumatatu kwa mganga

 

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huku Kanda ya Ziwa tunalifahamu, lakini tukikutana nalo njiani tunageuza uso. Nalo ni hili: Mkristo aliyebatizwa, anayetoa zaka na kuimba kwaya, anafanya nini pale dhiki inapomfika, na mtu anapomnong'oneza sikioni kwamba sala peke yake haitoshi?

Fika mwaloni Kirumba alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake. Soma majina yaliyoandikwa ubavuni. Utakuta jina la Mungu limetajwa kila mahali, mara anaweza, mara ni mwema, mara ashukuriwe. Chombo kipya kinaposhushwa majini huitwa mchungaji, padre au katekista, akasali na kukibariki, watu wakaitikia amina na kunywa soda. Sasa subiri jua lizame. Mara nyingi huja mtu wa pili. Huyu haji mchana, wala haji na kitabu. Anashindilia kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa sehemu ya mbele ya mtumbwi, anapokea fedha zake, na anaondoka bila kuaga wengi.

Mwulize mwenye chombo kama ameuacha Ukristo. Atakushangaa. Pengine ataingia ndani akuletee kadi yake ya zaka, imelipwa hadi mwezi huu. Wala hasemi uongo. Yeye anaamini kabisa kwamba hajaacha kitu, ameongeza tu.

Hapo ndipo penye fundo la mazungumzo yetu. Tumezoea kudhani kwamba jaribu la kiroho ni pale mtu anapolazimishwa amkane Kristo. Majaribu ya namna hiyo yalikuwapo, tena ng'ambo ya ziwa hili hili. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakristo vijana, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa mateso ya miaka ile. Watu wale waliambiwa: acha. Sisi hatuambiwi acha. Sisi tunaambiwa: baki na kanisa lako, baki na Biblia yako, lakini ongeza na hiki kidogo, kwa usalama tu. Jaribu la kuacha linaonekana kwa macho, na mtu hujua kwamba amefika njia panda. Jaribu la kuongeza halionekani, na mtu anaweza kuishi nalo miaka 20 huku akiimba sauti ya pili kwenye kwaya.

Jambo hili si geni, wala halikuanzia Usukumani. Soma Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19. Mtume Paulo alikuwa Efeso, mji mkubwa wa biashara wenye bandari, mji ambao kwa namna fulani ungefanana na wetu. Wengi waliokwisha kuamini walikuja wakaungama mambo yao hadharani, na waliokuwa wakitumia uganga wakaleta vitabu vyao, wakavichoma moto mbele ya watu wote. Thamani ya vitabu vile ilihesabiwa ikafika vipande elfu hamsini vya fedha. Angalia neno moja ambalo ni rahisi kulipita haraka. Waliokuja kuungama walikuwa wamekwisha kuamini. Walikuwa waumini mchana, na vitabu vilikuwa bado vipo nyumbani, chini ya kitanda.

Nenda tena kwenye Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28. Mfalme Sauli mwenyewe ndiye aliyewafukuza waaguzi katika nchi yake. Lakini Wafilisti walipopiga kambi na hofu ikamjaa, alivua mavazi yake ya kifalme, akajigeuza, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili apigiwe bao. Kiongozi aliyepiga marufuku mchana ndiye aliyebisha hodi usiku. Ndugu msikilizaji, tukiwa wakweli, ni viongozi wangapi wa huku kwetu tunaowajua kwa sura hiyo, hasa miezi ya kampeni?

Mafundisho ya Kikristo juu ya jambo hili hayana utata. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza ramli, uaguzi na kuwaomba wafu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inakataza, katika aya za 2116 na 2117, kupiga ramli na hata kuvaa hirizi. Walutheri, Waanglikana, Waadventista na ndugu zetu wa African Inland Church wanaweza kutofautiana kuhusu siku ya ibada au namna ya ubatizo, lakini katika hili wanasema neno moja. Mtu wa Mwanza hawezi kusema hakufundishwa. Mapadre wa White Fathers walifungua misheni ya Bukumbi, hapa jirani, mwaka 1883. Mafundisho yamekuwapo kwenye ufuko huu kwa zaidi ya miaka 140.

Kama mafundisho yapo, kulikoni?

Kwanza tusimcheke mvuvi. Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na upepo wake hauombi ruhusa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa Mwanza, ikachukua mamia ya watu wetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kama vyombo vikubwa vya chuma huzama hivyo, mtu anayelala majini usiku katika mtumbwi wa mbao anajionaje? Tena amekopa fedha za mashine. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Giza likija, jirani anashusha madumu yaliyojaa na yeye anashusha madumu matupu, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Geita yumo katika hali hiyo hiyo. Anachimba shimo miezi minane hajaona kitu, na futi tatu kutoka kwake mwenzake anaimba.

Injili ya Mathayo, sura ya 4, inatueleza kwamba mshawishi alimjia Yesu baada ya siku 40 za kufunga, wakati njaa imemshika. Neno la kwanza lilihusu mkate. Jaribu lina saa yake. Halimjii mtu aliyeshiba, aliyelala vizuri, ambaye mtoto wake ni mzima. Linakuja saa ya njaa, na linaanza na kitu ambacho kweli unakihitaji.

Pili, tuseme na upande wa pili wa ukweli. Mganga anapatikana. Paroko mmoja anaweza kuwa na vigango kumi na zaidi, na mchungaji wake naye ana mitaa kadhaa na baiskeli moja. Ukimwendea na shida yako Jumatatu, unaambiwa yuko semina. Mganga yupo. Atakukalisha kwenye kigoda, akusikilize saa mbili, akuulize habari za baba yako na babu yako, na usiondoke bila jibu. Ama jibu hilo ni la kweli au si la kweli, hiyo ni hadithi nyingine. Mtu mwenye dhiki mara nyingi hatafuti ukweli, anatafuta mtu wa kumsikiliza.

Naam, nami nitatoa ushahidi wangu, maana si vizuri kuhubiri kama mtu aliyesimama nchi kavu.

Mwaka 2012 kaka yangu, ambaye ana chombo chake cha dagaa katika kijiji kimoja cha mkoa huu, aliibiwa mashine ya mtumbwi. Alikuwa hajamaliza kuilipia. Akanipigia simu, akaniambia familia inachangishana, na kwamba kwa upande wangu ingefaa kama shilingi laki moja na nusu. Nikamuuliza ni za nini. Akasema, "Za kutafutia mashine." Nikanyamaza kidogo, naye akanyamaza. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza swali la pili. Siku ile sikuliuliza, kwa sababu jibu nililijua. Nikatuma fedha kwa simu, na Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida.

Mganga alipiga ramli yake. Hakutaja jina, maana mara nyingi hawataji jina. Alisema mashine imechukuliwa kwa nguvu za mama mmoja mtu mzima, anayekaa upande jua linakozamia, mwenye macho mekundu. Pale kijijini, upande jua linakozamia, mama mtu mzima mwenye macho mekundu alikuwa mmoja tu. Alikuwa mjane. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ile ile inayowapata mama zetu wote waliopika miaka 50 kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ndiye aliyenifundisha sala nilipokuwa mtoto, na bado alikuwa katika jumuiya moja na familia yetu.

Hawakumpiga. Walianza kwa kutomsalimia. Kisha mawe yakarushwa juu ya bati usiku. Wiki ya pili mama yule aliondoka kabla ya mapambazuko, na furushi lake kichwani, akaenda kwa binti yake upande wa Geita. Wengine wa rika lake hawakupata bahati ya kuondoka. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikitaja, mwaka hadi mwaka, mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi, na mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa imo.

Baada ya wiki sita hivi mashine ilipatikana. Aliyeiiba alikuwa mmoja wa vijana wa chombo kile kile, aliyekuwa amelipwa ujira wake akauona hautoshi. Aliiuza katika kisiwa kingine. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi na kaka yangu tulikwenda Geita kumwomba mama yule radhi. Alitukaribisha, akatupikia ugali na dagaa, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hukujua?" Sikuwa na jibu. Nilijua. Mpaka leo nikipita mbele ya jiko linalofuka moshi ninalisikia swali lile.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jinsi jaribu linavyofanya kazi, hatua kwa hatua. Kwanza linabadilisha swali. Badala ya kuuliza "Ni nini kimetokea?" unauliza "Ni nani amenifanyia?" Ukishauliza nani, lazima apatikane mtu. Pili linadai siri, na siri inakutenga na watu ambao wangekurudisha. Tatu linadai malipo, na malipo hayabaki pale yalipoanza: leo ni kuku mweusi, kesho ni mbuzi, keshokutwa ni kitu ambacho hakinunuliwi sokoni. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, anayelipa mwisho wa hesabu si wewe. Mimi nilitoa laki moja na nusu. Mama yule alitoa nyumba yake na kijiji chake.

Tunapofika hapo hatuwezi kukwepa kutaja aibu kubwa ya kanda hii. Kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi yetu ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na mengi yalitokea Mwanza, Shinyanga, Geita na maeneo ya jirani. Waliokuwa wakitafuta viungo hivyo walikuwa wameambiwa vitaleta samaki, dhahabu, kura au utajiri. Januari 2009 Serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14. Januari 2015 ikatoka marufuku nyingine, safari hii kwa wapiga ramli. Bado Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana Juni ukiwa umekatwa viungo. Kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani Bukoba mwezi huo alikuwamo paroko msaidizi. Kushitakiwa si kuhukumiwa, na mahakama ndiyo yenye kauli. Lakini siku habari ile ilipotangazwa, Wakristo wengi walijiuliza kwa mara ya kwanza swali ambalo wangejiuliza zamani: je, ndani ya nyumba yetu kuna nini?

Hakuna mtu aliyeamka asubuhi moja akaamua kuua mtoto. Kila mmoja alianza na kitu kidogo. Alianza na kitambaa mbele ya mtumbwi.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba dawa za asili ni dhambi. Bibi anayejua majani ya kutuliza tumbo, au mzee anayeunga mfupa, hafanyi kosa mbele ya Mungu wala mbele ya Serikali. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na hospitali zinatumia dawa nyingi ambazo chanzo chake ni miti. Mti ni kiumbe cha Mungu. Tofauti ni hii: mwenye dawa anakuuliza unaumwa wapi, mpiga ramli anakuuliza unamshuku nani.

Wala sisemi kwamba jaribu linakaa kwa mganga peke yake. Katika sura ile ile ya Mathayo, mshawishi alipoona habari ya mkate imeshindikana, alimpeleka Yesu juu ya hekalu na kumnukulia Zaburi. Jaribu linajua Maandiko. Siku hizi linavaa suti, linashika kipaza sauti, na linauza chupa.

Mnakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Mzee Ambilikile Mwasapile, alitangaza katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Hapa Mwanza, kama kwingineko nchini, magari yalijaa abiria. Foleni ya magari ilizidi kilometa 20, na mwezi Machi mwaka ule vyombo vya habari viliripoti kwamba watu zaidi ya 50 walikuwa wamekufa wakisubiri zamu. Mawaziri walikunywa, na viongozi wa dini walikunywa. Mzee yule, aliyefariki Julai 2021, mimi simhukumu. Lakini wapo wagonjwa waliotolewa wodini, na wapo walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu walidhani kuendelea kuzimeza ni kukosa imani. Hapo ndipo kosa lilipo. Imani haikuwahi kumkataza mtu kwenda Bugando. Hospitali ile yenyewe ni kazi ya Kanisa.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 ambao wengi wao walikuwa wameaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Hawa wote hawakwenda kwa mganga. Walikwenda kwenye sala. Ndiyo maana Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, unatuonya tusiamini kila roho, bali tuzipime.

Sasa tutazipima kwa kipimo gani? Mimi si mwanateolojia, lakini katika miaka ya kuripoti habari hizi, na kutokana na yaliyonikuta, nimebaki na maswali manne.

La kwanza: je, jambo hili linaweza kusemwa mchana, mbele ya mke wangu au mume wangu na mbele ya jumuiya? Sauli alikwenda usiku. Waefeso walichoma vitabu hadharani.

La pili: je, linauzwa? Simoni mchawi, katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, alileta fedha ili anunue uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamkemea vikali. Yesu aliwatuma wanafunzi wake waponye bure kwa kuwa nao walipokea bure. Sadaka ni sadaka, lakini chupa yenye bei ni biashara.

La tatu: je, linanifanya nimchukie au nimwogope mtu fulani? Kama nimetoka kwenye sala na sasa siwezi kumsalimia shangazi yangu, basi sikuwa kwenye sala.

La nne: je, linanikataza kufanya wajibu wangu wa kawaida, yaani kumeza dawa, kwenda polisi, kuhesabu mahesabu yangu, kuvaa jaketi la kuokolea majini? Kaka yangu angemhoji yule kijana wa chombo siku ya kwanza, mashine ingepatikana mapema. Ramli ilimfunga macho.

Jambo likishindwa hata swali moja kati ya hayo, liache, hata kama aliyelileta amevaa kola ya upadre.

Lakini kuonya peke yake hakutoshi. Mfa maji haachi kutapatapa, na hashiki jani kwa sababu ni mjinga, analishika kwa sababu hakuna mkono. Makanisa yetu yajiulize mkono uko wapi siku ya Jumatatu. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, zilikusudiwa ziwe mahali ambapo mtu anaweza kusema, "Jamani, madumu yangu yamerudi matupu wiki mbili, na ninaogopa." Katika jumuiya ngapi leo mtu anaweza kusema hivyo bila kuchekwa? Mara nyingi tunakusanya mchango wa ujenzi, tunasali rozari haraka haraka, tunatawanyika. Aliyekuwa na neno moyoni anarudi nalo nyumbani, na usiku anajua pa kulipeleka.

Nimeona mahali wanapofanya vinginevyo. Katika mwalo mmoja wa visiwani, wanajumuiya waliweka utaratibu rahisi: chombo kikikosa samaki giza zima, watu watatu wanakwenda kwa mwenye chombo. Wanasali naye, ndiyo, lakini pia wanakagua nyavu zake, wanamsaidia kuongea na aliyemkopesha, na wanahakikisha watoto wamekula. Mzee mmoja pale aliniambia kwamba tangu waanze hajasikia chombo cha mwanajumuiya kikiwekewa kitu usiku. Siwezi kuapa kwamba ni kweli. Lakini nilimwelewa. Mtu akiwa na watu watatu mlangoni mwake, mganga anapobisha hodi anakuta nyumba imejaa.

Ndugu msikilizaji, uaminifu kwa mafundisho ya Kristo kwenye ufuko huu hautapimwa kwa majina tuliyoandika kwenye mitumbwi. Utapimwa siku mashine imeibiwa, siku mtoto ana homa ya tatu mfululizo, siku jirani amepata na wewe hukupata. Siku hiyo mtu atakupigia simu, au utampigia wewe, na pande zote mbili zitanyamaza kidogo. Kunyamaza huko ndiko jaribu lenyewe. Uliza swali la pili. Uliza: "Fedha hizi ni za nini?" Mimi sikuliuliza, na mama wa watu alilala njiani na furushi lake.

Kama unacho kitu chini ya kitanda, au mbele ya mtumbwi, usisubiri mkutano wa injili pale Furahisha. Kitoe leo. Kichome mchana, watu wakiona.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.